Akamwani Juu ya Tenki la Choo

Wapendwa wa jumuiya, ahsanteni kwa kunipa nafasi. Mke wangu, Ma Adventina, amekaa pale mbele makusudi, ili nikiruka sehemu ya aibu anikoholee. Basi sitaruka. Wengi wenu mlikuja hospitali na ndizi na machungwa, mkaambiwa mgonjwa anasumbuliwa na tumbo, mkarudi nyumbani bila kujua ni tumbo la namna gani.

Mnajua kazi niliyofanya maisha yangu yote. Nilikuwa mpimaji wa kahawa kwenye chama cha ushirika, na hadi leo akamwani, zile punje zetu kavu za kahawa, haitoki mdomoni mwangu. Mgeni akiingia kwangu, kabla hajakaa vizuri kahawa ya kutafuna imeshafika mbele yake. Hayo ni malezi, si ulevi, hata kama mtu fulani hapa anakohoa.

Nilipojenga hapa Rwamishenye, mafundi wakaniwekea choo cha kukaa ndani ya nyumba. Mimi nimekulia Ngenge. Choo chetu kilikuwa nyuma ya migomba, na ukienda huko unafanya haraka kwa sababu ya inzi na mvua. Sasa nikapata choo chenye vigae na taa. Niseme ukweli, nilikipenda. Kile kifuniko cha juu nilidhani wamekiweka ili mtu mzima apate pa kuegemeza mgongo, kwa hiyo hakikuwahi kufungwa hata siku moja. Na juu ya tenki, mahali ambapo mkono unafika bila shida, nikaweka kikapu changu kidogo cha akamwani. Nakaa, naegemea, natafuna, nasikiliza redio. Nikimaliza nasimama, navuta maji, natazama yanavyozunguka, nachukua punje moja ya mwisho, ndipo naenda kunawa.

Ma Adventina alisema kikapu kile hakifai kukaa chooni. Nimtendee haki, alisema sana. Lakini yeye hatafuni kahawa kwa sababu ya vidonda vyake vya tumbo, kwa hiyo nikaona ni wivu tu.

Kisha mjukuu wetu wa Kashai akaja kutusalimia huku anaharisha. Mtoto alitumia choo, akapona, akarudi kwa mama yake. Baada ya siku chache tumbo langu likaanza kunguruma. Nikalaumu senene alizonitumia shemeji kutoka Muleba. Nikampigia simu kumuuliza amezikaanga kwa mafuta gani. Mpaka leo shemeji akinisalimia, ananisalimia kwa mkato.

Tumbo likiwa bado linanguruma tu, wakaja wakwe. Binti yetu Jovina alikuwa amechumbiwa na kijana wa Ngenge, na baba wa kijana, Ta Yoeli, alikuja na mdogo wake kupanga siku ya sendofu, sherehe ya kumuaga binti. Nyegera waitu, karibuni, kaeni. Nikatazama kikapu cha sebuleni, kimebaki vumbi la maganda. Ma Adventina alikuwa jikoni. Mimi mwenyewe, kwa miguu yangu, nikaenda kuchukua kile kingine. Wakatafuna, wakasifu ukavu wa kahawa yangu, nami nikavimba kichwa.

Walipoondoka, ugonjwa ukaja wenyewe. Wapendwa, niliharisha maji matupu. Nilikuwa natoka chooni, nafika mlangoni, narudi. Mara nyingine sikuwahi, na shuka alilifua mke wangu bila neno, jambo lililonitisha kuliko ugonjwa. Sasa sisi tunajua kahawa hufunga tumbo. Hivyo nikajitibu. Kadiri nilivyoharisha ndivyo nilivyokaa chooni, na kadiri nilivyokaa ndivyo nilivyotafuna dawa yangu pale juu ya tenki. Dawa ikaniangusha. Walinikuta sakafuni macho yameingia ndani, midomo imepasuka, mkojo hautoki tena. Nilipandishwa bodaboda katikati ya dereva na jirani, nimefungwa kitenge cha mke wangu ili nisidondoke, na pia kwa sababu ile nyingine mnayoifikiria.

Hospitali wakanitundikia dripu. Nilikuwa nasikia watu kama wako chumba kingine, na niliogopa. Niliona kabisa kwamba nitakufa kabla ya kumuaga binti yangu. Dripu kadhaa zilipoingia ndipo nikapata sauti. Daktari, kijana mpole, akauliza ni kitu gani ninakula mimi ambacho wengine nyumbani hawali.

Mke wangu akasema hakuna, labda akamwani.

"Anaitafunia wapi?"

Nikafumba macho nijifanye nimelala. Ma Adventina akajibu, "Chooni, daktari. Ana kikapu chake huko."

Daktari alivua miwani akaifuta, akaivaa tena. Akaeleza kwa upole kwamba ukivuta maji kifuniko kikiwa wazi, matone madogo yasiyoonekana kwa macho huruka na kutua juu ya vitu vya karibu. Tena mimi nilikuwa naingiza mkono kikapuni kabla ya kunawa. Alisema hawezi kuapa kama ni matone au ni vidole vyangu, au ni vyote, lakini kile kikapu kisirudi pale.

Nilidhani aibu imekwisha. Kesho yake Jovina alikuja analia. Ta Yoeli na mdogo wake walikuwa wanaharisha huko Ngenge, na ukoo umeanza kusema kwamba walipokuja kwetu waliwekewa kitu. Mnajua neno hilo linavyofanya kazi kwetu. Kahawa ndiyo heshima ya nyumba. Mgeni akiugua baada ya kuila, haulizwi daktari. Kijana naye alikuwa ameacha kupokea simu za Jovina.

Mwanangu hakuniomba chochote. Alikaa tu kwenye ukingo wa kitanda anakunja na kukunjua mtandio. Iliniuma sana. Nikaona bora nichekwe Ngenge nzima kuliko binti yangu aitwe mtoto wa wachawi. Nikaomba simu.

Nilimweleza Ta Yoeli yote: tenki, kifuniko, punje ya mwisho.

"Ta Erasto," akasema, "ulitupa kahawa ya chooni?"

"Ndiyo waitu. Sikujua, lakini ndiyo."

"Na wewe uliitafuna?"

"Kuliko ninyi wote. Ndiyo maana niko kwenye dripu."

Akasema watakwenda kwanza zahanati, kisha atakuja kwangu aone mwenyewe. Akakata simu.

Nimepona, namshukuru Mungu, na namshukuru mke wangu kwa lile shuka. Ushauri wangu ni mfupi. Funika choo kabla ya kuvuta maji. Nawa kwa sabuni kabla hujagusa kitu kingine. Mswaki na chakula visikae humo, hata kama pana nafasi nzuri namna gani. Ukiharisha, wahi kunywa maji ya chumvi na sukari na umwone daktari. Usijipangie dozi ya kahawa.

Ta Yoeli alikuja kweli, amekonda shingo kama mimi. Tulimkaribisha sebuleni. Ma Adventina akaweka mezani kikapu kipya chenye kahawa mpya, akarudi nyuma. Jovina alisimama mlangoni. Mkwe akakitazama kikapu, hakunyoosha mkono.

"Kabla sijatafuna," akasema, "naomba nioneshwe choo."

Akaingia, akafunga mlango. Sisi watatu tukabaki tunasikiliza, hakuna aliyethubutu kumtazama mwenzake. Akakaa humo muda mrefu, na mimi nikaanza kumwelewa. Choo changu ni kizuri. Kisha tukasikia kifuniko kikishushwa, kop. Ndipo maji yakavutwa. Bomba la kunawia likafunguliwa, nalo likachukua muda wake.

Ta Yoeli akatoka anajifuta mikono. Akakaa, akavuta kikapu, akachukua punje, akaitafuna taratibu bila kuniondolea macho. Akaongeza ya pili.

"Ma Adventina," akasema, "tuambie basi siku ya sendofu."