Kwangu Hakuna Baba

Miaka ile ya ruksa, maduka ya Dodoma yalipoanza kujaa sabuni tena, nilipata nafasi ya kwenda Urusi kusomea udaktari wa mifugo. Jirani yetu, bwana mifugo mstaafu aliyesoma hukohuko, alijitolea kunifundisha lugha kila Jumamosi asubuhi, uani kwetu. Mama alikaa kando akichambua karanga, hana habari na sisi.

Jumamosi moja tulifika kwenye somo la kutokuwa na kitu. Mrusi hasemi "sina". Husema "u menya nyet", yaani kwangu hakuna, kisha anataja kisichokuwepo, na neno hilo linabadilika mwishoni. Nilifurahi kama mjinga. Kwangu hakuna baiskeli! Kwangu hakuna kaka! Kila sentensi mwalimu alitaka niirudie kwa Kiswahili, kwa sauti.

"Una baba?" akauliza.

"U menya nyet ottsa. Kwangu hakuna baba. Alishakufa."

Ungo ulimponyoka mama, karanga zikatapakaa uani. Kwetu sisi Wagogo, kumtangazia kifo mtu aliye hai ni kumwitia msiba, na mama hakuwa mtu wa kuchezea jambo hilo.

"Wewe! Usimzike mtu aliye hai!"

"Nani yuko hai?"

"Baba yako. Yuko Kondoa."

Nyumbani hatukuwahi kumtaja. Wenzangu wakiniuliza nilijibu amefariki, maana sikuwa na jibu jingine. Mwalimu alifunga daftari lake taratibu, akaaga.

Mama alinieleza huku akiokota karanga, bila kunitazama. Baba alituacha sijaanza kutembea, akaoa kule.

"Nilikuwa na hasira naye, mwanangu. Nikasema utakapokua nitakwambia. Ukakua, nikaona aibu."

"Anajua kwamba naondoka?"

"Alisikia. Mwezi uliopita alikuja kukuaga, akakungoja tangu asubuhi. Mwisho nikamfukuza."

Niliikumbuka siku ile. Nilipokuwa narudi kutoka kazini, nilipishana langoni na mzee mmoja aliyevaa kanzu. Nilimwamkia shikamoo, kama ninavyomwamkia mzee yeyote. Aliitikia marahaba, kisha akabaki amesimama palepale akinitazama. Nami nikampita, nikaingia ndani kusoma Kirusi.