Gari la Deraya la Mama Mkwe

Nina miaka hamsini na mbili, nina shahada mbili, na kabati la vioo ambalo mke wangu alinunua kwa ajili ya vyombo vya wageni nimelijaza ndege za kivita. Kubwa kuliko zote haizidi urefu wa kiganja na nusu. Kuna pia vifaru vitatu, lori la kubeba maji, na helikopta isiyo na panga la mkia, kwa sababu panga hilo liliruka kutoka kwenye kibano changu likaingia kwenye zulia, nami nikatambaa siku mbili nikilitafuta huku wanafunzi wangu wakidhani niko kwenye kongamano. Mchungaji wetu alipokuja kuombea nyumba alilitazama kabati lile, akanitazama mimi, kisha akaomba kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyotarajiwa.

Kazi yenyewe ni ya plastiki. Vipande huja vimeshikana kwenye fremu, unavikata kimoja kimoja, unavipiga msasa, unavigundisha, unavipaka rangi. Watu wa kawaida wangeishia hapo. Sisi tulioharibika tunaendelea: tunalizeesha gari. Tunalipaka kutu mahali ambapo kutu ingekaa, masizi nyuma ya ekzosi, mikwaruzo pale ambapo buti la askari lingekanyaga. Nimewahi kupaka rangi upande wa chini wa kiti ambacho, nikishagundisha paa, hakuna binadamu atakayekiona hadi mwisho wa dunia. Ukiniuliza kwa nini, nitakwambia ni kwa sababu kipo.

Ninafundisha historia katika chuo kimoja hapa Kitui na sijawahi kushika bunduki. Aliyeshika ni shemeji yangu, ndugu wa mke wangu, aliyekuwa jeshini miaka kumi na mmoja. Akija likizo alikuwa anafungua kabati na kunicheka. Vita vyako ni visafi sana, shemeji, alikuwa akisema, hata mbu hakuna. Nami nilikuwa namuuliza kuhusu rangi ya ndani ya milango, na kama mikanda ya viti ni ya kijani au ya kahawia. Sasa nikikumbuka, sikumuuliza hata mara moja kama anaogopa.

Alikufa miaka sita iliyopita, ng'ambo ya mpaka, gari lao la deraya lilipokanyaga bomu lililofukiwa barabarani. Afisa mmoja na padri wa jeshi walifika nyumbani kwa mama yake huko Kathonzweni, wakasema alifariki papo hapo. Maneno hayo yaliandikwa hata kwenye karatasi ya ratiba ya mazishi, chini ya picha yake. Jeneza halikufunguliwa. Tuliambiwa ni heri lisifunguliwe, na watu wakiambiwa hivyo huwa hawaulizi mara mbili.

Hapa lazima niseme kitu kuhusu mama mkwe wangu na mimi. Kwetu Ukambani mwanamume na mama mkwe wake hushika nthoni, yaani heshima iliyochanganyika na aibu. Wazee wa zamani walikuwa wakiacha njia na kuingia vichakani wasikutane naye. Sisi wa kanisa tumelegeza mambo, lakini si sana. Katika miaka kumi na tisa ya ndoa nilikuwa sijawahi kula meza moja na mama yule, wala kumtazama machoni. Tukiwa chumba kimoja anakaa ubavu ubavu, anasuka kyondo chake, kikapu cha mkonge, na akitaka kuniambia jambo anamwambia binti yake, hata kama niko hatua mbili kutoka kwake na nimesikia kila neno. Najua wanaume ambao wangelipa kodi ya ziada wapate mpango kama huo. Mimi pia niliufurahia.

Mwaka jana alikuja Kitui kuonwa macho, kwa sababu yameanza kuingia ukungu. Nilitoroka mapema kwenda chuoni ili akae sebuleni kwa amani. Niliporudi alikuwa ameshapanda gari la kurudi kwao. Ndege moja kabatini ilikuwa imegeuzwa ikatazama ukuta, na kwenye vumbi la kifaru kimoja kulikuwa na alama za vidole.

"Mum anauliza kama unaweza kumtengenezea lile gari," mke wangu akasema.

"Gari gani?"

"Unajua ni gari gani."

Akaniambia kwamba mama yake hakuwahi kuamini ile habari ya papo hapo. Alisema yule afisa alikuwa anaangalia kuku wakati anaitamka. Miaka yote hiyo alikuwa anataka kujua mtoto wake alikaa wapi ndani ya lile gari na mambo yalikwendaje, na hakuwa amepata wa kumuuliza. Kisha mke wangu akaacha alichokuwa anafanya akanitazama vizuri.

"Mtengenezee gari tu," akasema. "Usimpelekee habari."

Niliagiza seti ya vipande kutoka mbali, ikafika kwenye ofisi ya vifurushi ikiwa na kona moja iliyopondeka. Nilifanya kazi ile kwa miezi minne, kila Jumamosi asubuhi, na nakiri kwa aibu kwamba ilikuwa miezi mizuri. Kipimo ni moja kwa thelathini na tano: mtu mzima anakuwa na urefu wa kidole gumba. Nilitengeneza bawaba kwa waya mwembamba ili milango yote ifunguke, wa dereva, wa kamanda, vifuniko viwili vya paa na mlango mkubwa wa nyuma. Nilifunga mikanda ya viti kwa vipande vya karatasi ya sigara. Nilipaka vumbi la udongo wetu uliosagwa na kuchekechwa kwa soksi ya mke wangu. Lilipokamilika nilijua ni kazi bora kuliko zote nilizowahi kufanya, na hapo ndipo ugonjwa wangu ukaanza. Sikuwa na hakika kwamba liko sawa.

Nilikuwa nimesikia kwamba mmoja wa waliotoka hai ndani ya lile gari ameacha jeshi na ana duka la spea za pikipiki huko Kasikeu. Nilimpigia simu. Mtu mwenye akili angempigia kwa sababu nyingine. Mimi nilimwambia ninataka anisaidie kuhakikisha rangi.

Nililibeba gari ndani ya katoni lililojaa pamba, nikaliweka juu ya kaunta yake kati ya minyororo na betri. Ni mwanamume mnene, mpole, asiyesikia kwa sikio la kushoto, kwa hiyo nililazimika kusimama upande wa kulia kama mteja anayetaka kupunguziwa bei. Alilizunguka. Alicheka kidogo.

"Mwalimu, hii vumbi ni ya Kitui," akasema. "Kule ni nyeupe. Kama unga."

Nikaandika. Akasema antena zilikuwa mbili, si moja. Nikaandika. Akasema mitungi ya maji ilifungwa upande huu kwa kamba kwa sababu vishikio vilikuwa vimekatika. Nilikuwa na furaha, naona haya kuitaja, lakini ilikuwa furaha. Kisha akaweka kidole kwenye mlango wa nyuma, akaufungua, akaufunga, akaufungua tena. Akaacha kucheka.

"Huu haukufunguka," akasema.

Alinieleza huku akiutazama ule mlango. Bomu lililipuka chini ya gurudumu la nyuma, gari likalala ubavu, na kona ya chini ya mlango ikajikunja kuingia ndani. Waliokuwa mbele walitoka kupitia paa. Shemeji yangu alikuwa kiti cha mwisho kabisa, kulia, na miguu ilikuwa imebanwa. Waliotoka walilala kwenye mtaro wakipigwa risasi kutoka vichakani na hawakuweza kurudi. Lakini walimsikia. Alikuwa anagonga. Aligonga muda wa kama nusu saa, halafu akaacha.

"Kwa mazishi nilimshika mama yake mkono nikamwambia papo hapo," akasema. "Tulikubaliana sisi wote tuseme hivyo. Mwalimu, usiniharibie."

Nilimwahidi. Nilirudi nyumbani na lile katoni mapajani na sikumwambia mke wangu kitu, isipokuwa kwamba vumbi ni jeupe.

Basi hapa ndipo ninapotafuta maneno. Nilisafisha vumbi jekundu nikapaka jeupe. Nikaongeza antena ya pili. Nikafunga mitungi ya maji kwa uzi. Halafu nikakaa na mlango wa nyuma mbele yangu, umenyooka, unafunguka vizuri kwa bawaba zangu za waya, na nikaona ni uongo. Ningeuacha. Mtu yeyote angeuacha. Mimi niliwasha mshumaa, nikapasha moto kona ya chini ya mlango ule, nikaikunja kwa kibano kuingia ndani, milimita mbili, si zaidi, nikaugundisha ukashika. Nilijiambia kwamba ni kwa ajili yangu tu. Nilijiambia kwamba mwanamke mwenye ukungu machoni hawezi kuona milimita mbili. Nilisahau kwamba huyu ni mtu aliyesuka vyondo miaka hamsini, na kwamba nyuzi zote hizo alizihesabu kwa vidole.

Tulimpelekea Jumapili baada ya ibada. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha miguu mitatu, ubavu ubavu kama kawaida, leso imefunika kichwa. Mimi nilikaa karibu na mlango nikitazama kalenda ya kanisa. Mke wangu akaliweka gari kwenye meza ndogo mbele ya mama yake na kumwambia limekamilika. Mama mkwe akapangusa mikono kwenye gauni, akaanza kuligusa.

Alianza na magurudumu. Akapanda taratibu. Akafungua mlango wa dereva kwa ukucha, akaufunga. Akafungua wa kamanda. Akafungua vifuniko vya paa, kimoja, cha pili. Akafika nyuma. Ukucha ukatafuta mwanya, ukakuta kona, ukazunguka kona ile mara mbili.

"Muulize," akamwambia binti yake kwa Kikamba, "kwa nini huu haufunguki."

Mke wangu akanigeukia, nami nikasema na kalenda. "Mwambie gundi ilizidi."

"Anasema gundi ilizidi."

"Mwambie kwa hiyo kwenye milango mingine haikuzidi."

Mke wangu hakuniambia hilo. Alikuwa ameshaitazama ile kona, akanitazama mimi, na nikaona amejua kwamba nilikwenda kutafuta na kwamba nilipata. Hapo mama mkwe akafanya kitu ambacho hajawahi kufanya. Aligeuza kiti chake. Alinitazama usoni, na macho yake, pamoja na ukungu wote, yalikuwa ya shemeji yangu kabisa.

"Alikuwa hapa nyuma?"

"Ndio, Mama."

"Muda gani?"

"Mum, wacha," mke wangu akasema.

"Sikuulizi wewe. Muda gani?"

Nimesimama mbele ya madarasa miaka ishirini na tano nikieleza vifo vya maelfu ya watu kwa sauti inayofika viti vya nyuma. Ile siku sauti ilitoka kama ya mtu anayeulizwa na polisi.

"Kama nusu saa."

"Akifanya nini?"

"Akigonga."

Hakulia. Aliushika ule mlango kati ya kidole na kidole kama mtu anayepima kitambaa dukani. "Fungua," akasema. Nikamwambia kwamba haufunguki, kwamba umegundishwa, na kwamba, Mungu anisamehe, ndivyo ulivyokuwa. Akasema hakuniuliza ulivyokuwa. Mke wangu akaleta kisu cha jikoni bila kunitazama. Nikaingiza ncha kwenye mwanya, plastiki ikalia, mlango ukaruka mzima pamoja na bawaba, ukaanguka chini ya kiti. Hakuna aliyeinama kuuokota. Mama mkwe akaingiza kidole kidogo ndani hadi kikagusa kiti cha mwisho, kulia, bila mtu kumwonyesha, akakiacha hapo kwa muda.

Kisha akarudisha kiti chake ubavu ubavu. "Mwambie asante," akamwambia binti yake. "Mpe chai."

Mke wangu alikaa wiki tatu akizungumza nami kama mama yake anavyozungumza nami, isipokuwa hakukuwa na mtu wa katikati. Siku aliposema, alisema jambo moja tu: ningemwambia yeye kwanza, yeye ndiye angeamua, yule alikuwa ndugu yake.

Gari liko Kathonzweni juu ya kabati, nyuma yake wazi imetazama chumba. Kina mama wa kanisa wakija wanasema watoto siku hizi hawatunzi vitu. Yeye anawaacha waamini hivyo.

Mwezi uliopita yule wa Kasikeu alinipigia simu. Nilidhani amepiga kunitukana, na nilikuwa tayari. Akasema mama alimwita, akaenda, akapewa kiti. Alikuwa amejiandaa kwa maswali mengi na kwa kuomba msamaha. Mama alimuuliza moja tu: mtoto wake alikuwa anagonga kwa mkono au kwa kitu.

"Nikamwambia ni kofia yake ya chuma," akasema. "Ile sauti naijua. Ilikuwa kofia."

"Akasema nini?"

Nikasikia mtu dukani kwake akiulizia plagi ya pikipiki.

"Akasema, basi mikono yake ilikuwa mizima."