Hodi ya Viboko

Saa tisa na dakika kumi alasiri, baba aliniachia viatu vyake vilivyonuka magadi, akapandisha wageni mtumbwini, Ziwa Momela. Siku zote alipiga kasia huku akiligonga ubavuni mwa mtumbwi, nami niliamini anawapigia viboko hodi. Siku ile alianza kupiga kasia bila kugonga.

"Baba, leo hupigi hodi?"

"Leo mgeni kanilipa ninyamaze, mama. Anataka picha."

Nilidhani viboko wameshamzoea.

Juzi, nami sasa mtu mzima, ziwani hapohapo, nilimwona kijana anayeongoza wageni akigonga vilevile. Nikamwuliza sababu.

"Ili kiboko atusikie, mama, asije akaibuka chini yetu."

Siku ile ya baba, kiboko aliibuka. Wageni walitoka salama. Baba tulimpata kesho yake. Ndani ya kiatu nilichoshika mlikuwa na malipo ya kunyamaza: shilingi elfu kumi.