Baiskeli Iliyokaa Chumbani

Ashukuriwe Mungu, aliyeniacha hai hata nikaweza kusimulia jambo dogo kama hili.

Miaka ya vita nilianguka na mzigo wa ndizi nikitoka Mangina kwa baiskeli, kinga kama tunavyoiita, nikavunjika goti. Mfupa ulipoungana, muuguzi aliniambia nikanyage pedali kila siku, la sivyo goti lingekakamaa na nisingepiga magoti kanisani tena. Lakini barabara ilikuwa imefungwa, na askari walichukua kila baiskeli nzima waliyoiona ili kubebea walichopora.

Basi nikatafuta kiegemeo cha kuinua gurudumu la nyuma, nikanyagie nyumbani kwetu Bungulu. Fundi wa vyuma alikuwa na kimoja imara, nami nilikitaka. Cha seremala kilikuwa cha mbao, kiliyumba, tena kilidai gurudumu la mbele litolewe. Mke wangu alichagua cha mbao.

“Gurudumu tutalizika mu shamba ya mihogo,” alisema. “Kinga ya mupira moja, nani atabeba?”

Nilinung’unika, Mungu anisamehe. Siku askari walipoingia, mmoja alinikuta nakanyaga, akacheka.

“Papa, unaenda wapi na hii?”

“Ku misa, chef.”

“Donc utachelewa.”

Wakaondoka na kuku wetu wawili, baiskeli wakaiacha.

Nilichelewa kweli, miezi minane. Jumapili niliyopiga magoti, mke wangu alinishika mkono hadi nikainuka.

Wewe unayesoma, Mungu akufungulie njia, na ikikawia, akupe subira ya kukanyaga palepale.