Marehemu wa Gasto

Gasto wa Unyambwa hajawahi kuiba kuku wa mtu, na hilo tumpe, ni haki yake. Lakini kuku wa jirani akitaga kwenye mpaka, ujue Gasto ameamka kabla ya mwenye kuku. Ndivyo alivyo. Msibani anafika wa kwanza na kukaa karibu na masufuria; likija suala la kuchimba kaburi, mgongo unamuuma. Harusini anaahidi mbuzi kwa sauti kubwa, kisha mbuzi huyo anaugua mpaka harusi ipite. Mkewe, Dorika, ndiye anayelima, ndiye anayevuna, ndiye anayepeleka alizeti mashineni. Wenzake waliwahi kumuuliza kisimani mumewe anafanya kazi gani. Akafikiri kidogo, akasema, "Anasubiri."

Basi kilichokuwa kikisubiriwa kikaja. Ulikuja mradi wa njia kubwa ya umeme, ile ya nguzo ndefu za chuma, na wapimaji wakapita mashambani na kamba zao na rangi nyekundu. Kila aliyeguswa angelipwa fidia. Shamba la Gasto liliguswa pembeni tu, mahali ambapo hata alizeti inakataa kuota. Malipo yake yasingenunua hata baiskeli. Alute, rafiki yake tangu wakichunga ndama, hakuguswa kabisa, na jambo hilo lilimkera kama jipu la makalioni.

Jioni wakakutana kilabuni, kopo moja la pombe ya mtama likienda huku na huku.

"Wanalipa miti," Alute akasema. "Wanalipa choo. Wanalipa hadi makaburi, na kaburi linakizidi choo kwa mbali."

"Mimi pale sina kaburi."

"Una mawe."

Gasto akaliweka kopo chini polepole.

Mawe yalikuwepo kweli. Dorika aliyaokota kwa mikono yake, msimu hadi msimu, akilisafisha shamba, na kuyarundika pale pembeni. Asubuhi iliyofuata akawakuta wanaume wawili ambao hawajawahi kuokota hata kokoto wameinama, wanayapanga kwa urefu wa mtu. Alute amekuja na chokaa. Gasto anapigilia msalaba wa mbao za kitanda kibovu.

"Kafa nani?" Dorika akauliza.

"Babu," Gasto akajibu bila kugeuka.

"Babu yupi?"

Hapo wakatazamana. Walikuwa wamejenga nyumba kabla ya kumtafuta mpangaji.

Aliyempata ni Alute. Zamani, kabla Gasto hajazaliwa, babu yake alikuwa na mdogo wake aitwaye Mughwai. Kijana huyo aliondoka kwenda kutafuta kazi kwenye mashamba ya mkonge huko Tanga, na hakurudi. Hakuja yeye, haikuja barua, hakuja mtu wa kusema nilimwona. Wazee walimtaja kwa miaka kadhaa, kisha wakachoka.

"Huyo hana mwenyewe," Alute akasema. "Sema alirudi anaumwa, akafa, marehemu baba yako akamzika hapa kimyakimya kwa kuogopa ugonjwa. Wewe ulikuwa mtoto mkubwa, unakumbuka. Mimi ni shahidi. Tunagawana nusu kwa nusu."

"Miaka yote naokota mawe," Dorika akasema, "kumbe nilikuwa nazika." Akabeba jembe lake, akaenda zake.

Mthamini alikuja, dada mpole aitwaye Janeth. Gasto alivua kofia mbele ya yale mawe na kuinamisha kichwa, na wanaomjua wanasema hata kwenye kaburi la baba yake mzazi hakuivua. Alute akatia sahihi ya ushahidi. Mwenyekiti wa mtaa, aliyekuwa na mashamba mengine ya kuzungukia kabla jua halijawa kali, akagonga muhuri.

Hela ilipoingia benki ilikuwa nyingi kuliko walivyokuwa wamekisia. Ndipo Gasto akagundua kwamba nusu ya hela nyingi ni hela nyingi pia, na kwamba inauma kuitoa. Akamfuata Alute na uso wa kufiwa.

"Kaburi wamelikataa, ndugu yangu. Nimelipwa kale kakipande ka shamba tu."

Akamnunulia kopo moja la pombe la kumfariji, na hilo kopo nusu akalinywa mwenyewe.

Gasto alikuwa ameshatupia jicho kiwanja Mandewa. Angejenga vyumba vya kupangisha, akae kibarazani, asubiri kodi. Kazi aliyozaliwa nayo. Alichosahau ni kwamba mwenye kiwanja, Amosi, ameoa dada yake Alute. Na Amosi, kama mfanyabiashara yeyote mwenye akili, akapiga simu kuuliza.

"Shemeji, huyu rafiki yako Gasto anataka kiwanja changu kwa hela taslimu, yote kwa mkupuo. Ni mtu wa kuaminika?"

Alute akaihesabu ile nusu yake kichwani.

"Sana," akasema. "Ila msubiri kidogo. Ana msiba."

Kushtaki hakuwezekani, sahihi yake mwenyewe ilikuwa kwenye karatasi ya uongo. Lakini Alute alikuwa mwizi mwenye subira. Alipanda bodaboda mpaka Ilongero, kwa Bibi Anastazia.

Huyu Bibi Anastazia ndiye mtu pekee aliyebaki duniani aliyewahi kumwona Mughwai kwa macho. Ni mdogo wake, wa kumfuata ziwa moja. Macho yamefifia, miguu inaomba fimbo. Alute alipomwambia kwamba kaka yake alirudi, alikufa, na amelala Unyambwa miaka yote hii, bibi hakulia. Aliuliza tu, "Amelazwa ametazama wapi?" Kisha akaomba apewe kitenge kizuri.

Siku Gasto alipokuwa anavaa koti la kwendea Mandewa, hela akiwa ameshaitoa benki na kuishonea mfukoni, pikapu ikasimama uani. Imejaa ukoo mzima. Wa kwanza kuruka chini alikuwa Alute, sanda begani, tayari analia.

"Shikamoo, bibi," Gasto akasema, mkono mmoja kifuani palipo na hela.

"Marahaba, mjukuu wangu. Umelipwa umhamishe kaka yangu, hukuona uniambie?"

Baba mdogo wa Gasto, Andrea, katekista, mtu asiyecheka, akaongeza, "Mfu hahamishwi kama gunia la mashudu, Gasto. Ng'ombe achinjwe, ukoo ule, watu walale. Hela si mmepewa kwa kazi hiyo?"

Gasto alimwangalia Alute. Alute alikuwa anajifuta machozi kwa pindo la sanda.

Angeweza kusema. Ni maneno machache tu: mule hamna mtu. Bibi amesimama hatua chache kutoka kwake, anatetemeka juu ya fimbo, na pengine mtu mwingine angemwonea huruma, au angeona aibu akamwambia. Gasto aliwaza jela. Baada ya jela akawaza kurudisha hela, na hilo ndilo lililomfunga mdomo kabisa.

Wakachimba. Bwana afya alikuwepo na glavu zake, akachungulia, akaona udongo, na chini yake udongo mwingine. Vijana wa majembe wakaanza kukonyezana. Andrea akawakata jicho. "Miaka mingi," akasema. "Ardhi imeshamchukua. Mlitegemea nini?"

Bibi Anastazia akaomba asogezwe. Alipiga magoti, akachota ule udongo kwa viganja, akaujaza kwenye sanda, akafunga fundo mwenyewe, vidole vikikataa na yeye akivilazimisha. Hapo ndipo alipolia. Alilia kwa Kinyaturu, akimwita kaka yake kwa jina la utotoni ambalo pale hapakuwa na mwingine anayelijua. Alimwambia kwamba yule ndama wao alizaa, na kwamba mama alikuwa akimwekea chakula kila jioni mpaka akafa. Watu wazima waligeukia pembeni. Dorika, anayelijua kila jiwe la pale, aliketi chini na kujifunika uso kwa kanga.

Gasto yeye alikuwa anatazama zizini.

"Ng'ombe wa pili wa nini?" akamnong'oneza Alute.

"Mtu aliyepotea miaka yote hiyo, ndugu yangu, tumzike kwa mmoja? Tusimwaibishe."

Ikaamuliwa azikwe upya mbele ya mlango wa mjukuu aliyemtunza. Alute ndiye aliyekumbusha kwamba kaburi la udongo ni aibu kwa familia iliyolipwa, kwa hiyo ikaja saruji, baada ya saruji ikaja marumaru, na fundi wa marumaru akataka kulipwa kwanza. Turubai, mchele, mafuta, pikapu ya kuwafuata wakwe, vyote vilitoka kwenye koti lile. Mfuko ulishonwa kwa ustadi, lakini uzi ni uzi. Alute hakuishia hapo. Alijiweka mwenyewe mezani na beseni la rambirambi, akipokea kwa mikono miwili na kushukuru kwa niaba ya wafiwa. Watu walipokuwa wanaaga alitangaza kwamba mchango wote ameukabidhi kwa familia. Familia ni Gasto, na Gasto alikuwa na mdomo wa kulia nyama tu, wa kuuliza hakuwa nao. Amosi akauza kiwanja kwa mtu mwingine.

Pikapu iliwarudisha wote Ilongero isipokuwa mmoja.

"Mimi nabaki na kaka yangu," Bibi Anastazia alisema, na nani angemkatalia.

Sasa kila asubuhi anakaa kwenye kigoda karibu na kaburi, uji mkononi, na anamwita Gasto.

"Wewe ulimwona. Siku za mwisho aliniulizia?"

"Alikuulizia, bibi."

"Alisemaje?"

Gasto, ambaye maisha yake yote amesubiri vitu vidondoke, inabidi atunge. Juzi alimwambia aliulizia afya yake. Jana, kwamba aliuliza ameolewa wapi. Bibi husahau kilichopikwa jana, lakini maneno ya kaka yake anayashika yote, na Gasto akipishana na ya juzi anamrudisha. Alute naye hakosi. Anafika uji ukiiva, anasalimia kwa adabu, anakaa karibu na sufuria, na Gasto akikwama anamwongezea, "Alisema na habari ya yule ndama, umesahau?" Wawili hao bado ni marafiki. Nani mwingine angewataka?

Leo bibi ameamka na jipya. Hayapendi marumaru, yanateleza. Anataka yale mawe ya shambani, yaliyomfunika kaka yake miaka yote, yaletwe yalizunguke kaburi, na iachwe nafasi ya mtu mwingine ubavuni, maana naye hayuko mbali.

"Yote, bibi?" Gasto akauliza.

"Yote. Yalimtunza."

Gasto akamgeukia Alute; mgongo wa Alute ukaanza kuuma. Akamgeukia mkewe. Dorika alikuwa mlangoni mwa jikoni, anapepeta mtama, na hakuinua hata macho.

"Mimi yangu nilishaokota," akasema.

Gasto akavua koti, akashika njia ya shambani, na nyuma yake bibi akamwita apaze sauti anapokwenda, amalizie maneno ya kaka yake pale alipoishia jana.