Nguzo ya nne ya Mama Kabula, pale Kamanga

Wakuu, poleni na majukumu. Hii imenitokea mwenyewe, sijaitia chumvi. Jina tu nimebadilisha.

Mimi ni injinia wa majengo, naishi Nyegezi, Mwanza. Juzi kati nilivuka ziwa kwenda Kamanga kwa mama mmoja mjane mwenye hoteli ya chakula karibu na kivuko. Tumwite Mama Kabula. Alitaka kuongeza ghorofa moja.

Jengo alilijenga marehemu mumewe, fundi wa kuchomelea. Nguzo nne za bomba nene la chuma, ndani zimejazwa zege.

Kwa wasiojua, nguzo hizi ni nzuri mno. Bomba linalibana zege lisipasuke, zege nalo linalizuia bomba lisibonyee kuingia ndani. Vinashikiliana. Bomba tupu litabeba bati, ghorofa haliliwezi.

Nikapima misingi, kisha nikagonga nguzo kwa nyundo. Tatu zikalia nzito, zimejaa.

Ya nne ilikuwa nyuma ya friji. Nilikuwa nawahi kivuko, nusura niiache. Roho ikakataa, tukasogeza friji.

Chini ikalia nzito. Kuanzia usawa wa kifua, ikalia kama debe.

Wakuu, nilinyong'onyea. Mama wa watu tangu asubuhi ananiambia mzee wake hakuwahi kulipua kazi akaiacha nusu. Nikatoboa tundu dogo, nikapitisha waya. Hewa tupu. Ikabidi nimwambie, taratibu.

Akavuta kiti, akakaa. Akauliza zege liliishia wapi, nikamwonyesha kwa mkono.

Ndipo akanisimulia. Siku ya kumwaga zege ndiyo siku uchungu wa Kabula, mtoto wake wa kwanza, ulipomshika akapelekwa hospitali. Mumewe akamtokea wodini na gambuti zimejaa zege bichi. Nesi akamtoa nje, na Mama Kabula mwenyewe akamfokea mumewe kwa kumwaibisha. Alikaa kwao na mtoto majuma kadhaa, na aliporudi alikuta nguzo zimefunikwa juu, bati limepigwa.

"Aliniambia kazi imeisha, ndiyo maana amekuja," akasema. "Kumbe alitupa ndoo akanifuata."

Kama aliwaagiza wenzake wamalizie, wao wakafunika tu, sijui. Hilo kaenda nalo.

Wiki iliyofuata tukatoboa juu, tukaacha na matundu ya hewa, tukasafisha zege la zamani, tukamimina zege laini lisilosinyaa. Ndoo ya kwanza aliimimina Kabula, sasa yuko chuo. Mama yake alisimama chini, kiganja kwenye bomba.

"Linapanda," akasema. "Nasikia baridi yake."

Nilijifanya naangalia ngazi.

Nilichojifunza: gonga nguzo zote, hata iliyojificha. Na kabla hujamwita fundi mlipuaji, uliza siku ile nyumbani kwake kulikuwa na nini.

Wenye nyumba walizojenga wazazi, mlikuta nini mlipobomoa au kukarabati? Andikeni hapa chini, nasoma zote.