Winchi Yangu na Mpaka wa Mama Mkwe

Kitu cha kwanza ambacho winchi yangu iliwahi kuvuta ni mpaka wa shamba la mama mkwe. Uling'oka na mizizi yake, ukaburutwa juu ya mchanga hadi mbele ya bampa, nami nimeshika rimoti kama mtu anayebadilisha chaneli.

Nieleze kwa utaratibu, kwa sababu hata mke wangu alitaka maelezo kwa utaratibu.

Naishi Kitui mjini. Gari langu ni kuukuu, refu, la magurudumu makubwa, na tope baya zaidi ambalo limewahi kuliona ni la pale linapooshwa. Lakini nilikuwa nimetazama video nyingi za watu wanaojivuta kutoka mitoni, nikaamini kwamba mtu mwenye wakwe kijijini Kalamba hawezi kuishi bila winchi, ile mashine ya kuvuta gari kwa waya. Mke wangu aliuliza kama barabara ya kwao imeharibika. Nilimjibu kwamba mtu hujiandaa mapema.

Fundi wa kuchomelea alilikata bampa la kiwandani katikati, maana lilikuwa bati tu lililopakwa rangi. Akatengeneza bamba nene la chuma, akalifunga kwa bolti kwenye chesi yenyewe, uti wa mgongo wa gari, na winchi ikakaa juu yake. Mbele akafunga kile kidirisha cha rola nne ambamo waya hupita ili usisuguane na chuma. Yeye alikiita mdomo. Nambari ya gari ikakosa mahali, ikasogezwa kando, gari likafanana na mtu aliyevaa kofia upande. Nilimsimamia fundi kutwa nzima nikiuliza kama mdomo umelingana na ngoma ya waya, kama bolti zimekazwa, na kama bampa linaweza kung'oka. Hili la mwisho nilirudia hadi akaweka spana chini.

"Boss, hii bampa haitoki. Kitu ingine inaweza toka, lakini si hii."

Tulicheka, tukapiga picha.

Jumamosi iliyofuata tulienda Kalamba. Barabara ilikuwa kavu na nzuri njia nzima, jambo lililoniudhi. Baada ya kula muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, nikawaita watu waje waone mdomo. Mama mkwe alitazama kwa mbali. Kwetu mama mkwe na mkwe wake hawazungumzi ovyo ana kwa ana, kwa hiyo alimuuliza binti yake kama chuma kile ni cha kusaga mahindi.

Swali hilo lilinichoma. Nikashuka na gari hadi kijito kikavu kinachopita ndani ya shamba, upande wa chini, kwenye mchanga ambao hata punda huuzunguka. Sikukwama kwa bahati mbaya; nilienda kukwama. Mchanga ukameza magurudumu hadi nusu, na hapo nikafurahi sana.

Kitabu cha maelekezo kilisema nichague mti imara. Hakikusema niulize ni wa nani. Waya ulifikia mti mmoja tu, mnene kuliko kiuno changu, na kiuno changu si chembamba. Ulikuwa ule mti wa uzio ambao huku kwetu huchomekwa kama fimbo nao huota: juu mnene, chini hauna mizizi ya maana. Nimelijua hilo tangu utotoni. Ila siku hiyo akili yangu yote ilikuwa kwenye bampa.

Nilibonyeza. Waya ukanyooka, ukapita mdomoni vizuri kabisa, bolti zikatulia. Nikaona umbali kati yangu na mti unapungua, nikaanza kushangilia. Mke wangu ndiye aliyenipigia kelele kutoka juu kwamba gari limesimama, ni mti unaokuja.

Aliyenitoa mchangani ni mzee jirani wa upande wa pili wa mpaka, ambaye huimba kwaya moja na mama mkwe. Alileta ng'ombe wake wawili na mnyororo wa plau, akaufunga kwenye bampa, gari likatoka. Bampa halikutikisika. Kisha akatazama mahali mti uliposimama. Shimo lilikuwa limeshajifukia kwa mchanga, mavuno yalikuwa yameshatolewa, na miti mingine ya mpaka ililiwa na mchwa zamani. Akasema kwa upole kwamba anavyokumbuka yeye, mti ulikuwa upande huu zaidi. Akanyoosha mkono ndani ya kipande cha kando ya kijito, pale ambapo mbaazi za mama mkwe hupata unyevu wakati kwingine kote kumekauka. Shamba lile halijapimwa. Mti ndio uliokuwa karatasi yake.

Mama mkwe, ambaye ni mjane, alikuwa amesimama karibu nami kiasi cha kunigusa. Akamgeukia binti yake.

"Mwambie mume wako amshukuru mzee vizuri. Lakini asimshukuru na shamba."

Wazee wa ukoo waliitwa waje waonyeshe mahali. Mmoja alionyesha huku, mwingine kule, wa tatu akaomba kuiona winchi.

Sasa mvua zimeanza, na mke wangu ameniambia kwamba ule mti umechipua majani pale pale nilipouburuta, ndani kabisa ya shamba la mama yake. Jirani anasema usiguswe, umejichagulia mahali pa mpaka. Mama mkwe anataka uondolewe, lakini hapati wa kuung'oa, kwa kuwa kila mtu anaogopa kugusa mti wa mpaka, na mimi sijaombwa. Wengine wote wameshapanda. Kile kipande cha kando ya kijito hakuna aliyethubutu kukitia jembe.